Msiseme "Ni Mafua Tu"

Maneno haya, ya magonjwa yanayovuka kutoka kwa wanyama hadi kwa watu, niliyasema Jumamosi asubuhi mbele ya baraza la wafugaji, wachinjaji, wauza kuku na akina mama wa vikundi, Kisauni, Mombasa. Wengi wa ng'ambo ya Likoni hawakuwahi kufika, wakaomba wapate yote. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, ndugu zangu wa Kongowea mliofunga vibanda ili mje, na nyinyi vijana wa ngamia mliotoka ufuoni Bamburi na mchanga ungali miguuni: ahsanteni. Najua asubuhi ya Jumamosi ni saa ya biashara. Aliyekuja hapa ameacha riziki yake nyuma, nami nitajitahidi asijute.

Naomba tuanze kwa mikono. Nani hapa, au nani nyumbani kwake, ameshikwa na mafua tangu mwezi huu uandame? Inueni, msione haya. Karibu ukumbi mzima! Haya, shusheni. Kati yenu, nani alikwenda hospitali? Watatu. Na nani alimwambia mtu yeyote, hata jirani, kwamba nyumba nzima inakohoa? Kimya. Kwa nini kimya? Kwa sababu ni mafua tu.

Hilo "tu" ndilo lililonileta hapa. Nimetibu mifugo ya pwani hii miaka 31, nikiwa mtumishi wa serikali, na neno nililolisikia kuliko dawa yoyote ni hilo. Ni mafua tu. Kuku wana kideri tu. Ngamia ana makamasi tu. Wazee walituambia mdharau mwiba mguu huota tende, na walijua walilosema, maana hapa pwani matende tuliyaona kwa macho.

Mama mwenye leso nyekundu, nimeuona mkono wako, na najua si wa mafua, ni wa swali. Ni la kuku? Nilidhani hivyo. Nakuomba univumilie kidogo, sijakusahau.

Natangulia na ugonjwa ambao kila mama hapa anaujua: surua. Mtoto anachemka, macho mekundu, vipele vinaanzia nyuma ya masikio vikishuka. Nikiwauliza surua ni ugonjwa wa nani, mtasema ni wa watoto. Haumpati ng'ombe, haumpati mbuzi. Ni kweli. Lakini je, ulitoka wapi?

Ulitoka kwa ng'ombe. Wazee wa jamii za wafugaji mliomo humu mnalijua jina sotoka. Miaka ya 1890 sotoka ilishuka kutoka Pembe ya Afrika ikafagia ng'ombe hadi kusini kabisa mwa bara. Mahali pengi, penye ng'ombe 10 alibaki mmoja au wawili. Wamaasai walikufa njaa katikati ya mizoga. Sasa, kirusi cha surua na kirusi cha sotoka ni watoto wa tumbo moja. Wataalamu waliovilinganisha wanaamini kwamba zamani sana, watu walipoanza kuishi maelfu kwa maelfu katika mji mmoja, ng'ombe wao mlangoni, kirusi cha ng'ombe kilivuka kikamwingia mtu. Kikazoea. Kikapata njia ya kutoka mtu hadi mtu, kisha hakikurudi kwa ng'ombe tena. Kikawa chetu. Kabla chanjo ya surua haijaanza kutumika mwaka 1963, kilikuwa kikiua watu wapatao milioni 2.6 kila mwaka, wengi wao watoto.

Huo ndio ugonjwa tunaouita wa kawaida. Na hauko peke yake. Ndani ya hayo mafua mliyoinulia mikono mna virusi vya jamii ya korona ambavyo vimekuwa nasi tangu zamani, kabla hata ya hii iliyotufungia majumbani. Kimoja kinaitwa OC43, na jamaa yake wa karibu anaishi kwenye ng'ombe. Kingine, 229E, jamaa zake wako kwa popo na kwa ngamia. Tumekaa na wanyama, tumekula nao, tumelala nao chini ya paa moja, na tumegawana nao magonjwa. Kila kirusi tunachokiita cha kawaida kilikuwa na siku yake ya kwanza, na siku hiyo hakikuwa cha kawaida hata kidogo.

Habari ya sotoka ina mwisho mzuri, nami sitaipita haraka, kwa kuwa ni ya kwetu. Chanjo iliyoimaliza ilitengenezwa hapa Kenya, Muguga, karibu na Kikuyu, na daktari wa mifugo aitwaye Walter Plowright na wenzake, miaka ya 1950 ikiishia. Mlipuko wa mwisho kujulikana duniani ulikuwa pia hapa Kenya, mwaka 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka haipo tena. Ni ugonjwa wa pili katika historia kufutwa na binadamu. Wa kwanza ni ndui. Na je, nani aliukamata mwishoni, kule kwenye nyika ambako gari la serikali halifiki? Wachungaji. Wao ndio walioijua sotoka kwa jina, kwa harufu na kwa machozi ya ng'ombe. Walifundishwa kuchanja, wakabeba chanjo iliyoweza kuvumilia joto, wakaenda nayo kwa miguu. Mtu ambaye hakusoma darasa hata moja alisaidia kuufuta ugonjwa duniani. Nawaomba mlishike hilo, maana mbele nitawaomba kitu, na sitaki mtu aniambie sisi watu wadogo hatuwezi.

Tuendelee. Nikiwauliza ni kirusi gani cha kuogopwa zaidi, najua majibu. Ebola. Kichaa cha mbwa. Vile vinavyoua vibaya. Nami nasema ukali peke yake si kipimo.

Kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Hakuna kirusi kikali kuliko hicho. Lakini je, kimewahi kuifunga dunia? Hakijawahi, kwa sababu mgonjwa hamwambukizi jirani yake. Anakufa nacho.

Au Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mwaka 1931 karibu na Ziwa Naivasha. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilipofurika Garissa, Ijara, Tana River hadi Kilifi, nilipelekwa huko. Sitasahau boma moja asubuhi: mbuzi na kondoo walikuwa wametoa mimba usiku, karibu wote, na mwenye boma ameketi chini haongei. Mlipuko ule Kenya ilihesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki. Walioathirika sana ni waliochinja, waliochuna, waliozalisha mifugo kwa mikono mitupu, na walioumwa na mbu. Ni msiba mkubwa. Lakini maji yalipokauka na mbu kupungua, ugonjwa ulizima, kwa kuwa kirusi kile hakitoki mtu kwenda kwa mtu.

Basi kirusi kinachoweza kuishika dunia nzima kina tabia gani? Kwanza kivuke kutoka kwa mnyama. Kisha kipite kwa pumzi, mtu akiwa bado anatembea, anakwenda sokoni, anapanda matatu, anashika bomba la feri. Kisha kitukute hatuna kinga. Hakihitaji kuua wengi katika kila 100. Kikishika watu wote, hata wachache katika 100 ni makaburi kwa mamilioni.

Hapo kwenye kinga pana kisa ambacho huwa nakisimulia kila nikipata nafasi. Katika msitu wa Kibale, Uganda, mwaka 2013, kundi moja la sokwe 56 liliingiwa na kikohozi. Wakawa wanapiga chafya, wanatoa makamasi, wamejikunyata. Watano walikufa. Walipochunguzwa, kilichokutwa kilikuwa kirusi cha mafua ya binadamu. Haya haya mafua. Rainovairasi, ambacho mtoto wako anakipata, anashinda na pua inayochuruzika, jioni anacheza mpira. Kwa sokwe kilikuwa kigeni, hawakuwa na kinga nacho, kikaua karibu mmoja katika kila 11.

Mnaona? Kirusi ni kile kile. Tofauti ni nani amekizoea. Mafua yetu ni janga la sokwe. Na kinyume chake kinawezekana: kinachomfanya ndege wa majini apunguze kula siku mbili, kikivuka, chaweza kuwa janga letu.

Tena imeshatokea, na hapa hapa Mombasa tulikuwa mlangoni. Mwaka 1918, vita vikielekea kwisha, ilikuja homa ya mafua yenye asili ya ndege. Iliwashika watu wapatao milioni 500, theluthi moja ya binadamu wa wakati ule, na inakadiriwa waliokufa walifika milioni 50. Kenya iliingia kupitia wapi? Kupitia bandari yetu. Ilishuka melini, ikapanda gari la moshi, ikaenda bara. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto mdogo Mji wa Kale wakati huo. Hakujua kirusi ni nini, hakujua habari za vita vya Wazungu. Alichokumbuka ni kwamba mlango wa jirani ulifungwa siku nne, na walipoufungua walitoa jeneza tatu. Alikuwa akitueleza hayo kila mmoja wetu alipokohoa mezani bila kuziba mdomo. Sisi tukicheka. Sasa sicheki.

Nieleze kidogo kwa nini mafua ya aina hii, influenza, ndiyo yanayotunyima usingizi sisi tunaotibu wanyama. Kirusi chake kimebeba maelekezo yake katika vipande 8 vilivyotengana. Mfikirie fundi cherehani aliyeletewa kanzu mbili azifumue, kila moja vipande 8, kisha taa ikazimika. Anashona gizani. Mkono wa hii, ukosi wa ile. Kunapokucha mna kanzu mezani ambayo hakuna aliyewahi kuivaa. Ndivyo inavyokuwa mnyama mmoja akishikwa na mafua ya ndege na mafua ya watu kwa wakati mmoja. Nguruwe anajulikana sana kwa hilo, kwa sababu mwili wake hupokea yote mawili. Janga la 1957 lilikuwa mafua ya watu yaliyochukua vipande vitatu kutoka kwa ndege. La 1968, vipande viwili. La 2009 lilitoka kwa nguruwe. Lilitambuliwa Mexico na Marekani mwezi Aprili, na kufikia Juni 11 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshalitangaza kuwa janga la dunia. Aprili hadi Juni, ndugu zangu. Mahindi yaliyopandwa mvua za masika yalikuwa hayajavunwa.

Sasa tuje kwa kuku. Mama mwenye leso nyekundu, hapa ndipo pako.

Kuna kosa langu nataka niliseme mbele yenu, kwa sababu mwalimu asiyesema makosa yake hafundishi. Nilikuwa bado kijana kazini. Mama mmoja alikuja ofisini na mfuko wa plastiki. Ndani mna kuku wawili waliokufa. Akaniambia, "Daktari, 40 wamekufa tangu juzi, na mwanangu anayewalisha ana homa." Nilichungulia ndani ya mfuko. Vichwa vimevimba, undu umekuwa wa buluu. Nikamwambia, mama, ni kideri tu, choma waliokufa, chanja watakaobaki. Akashukuru, akaondoka. Sikuchukua sampuli. Sikuuliza jina la mtoto. Sikumfuata nyumbani. Huenda kweli kilikuwa kideri. Mara nyingi huwa kideri. Lakini mpaka leo sijui, na sitajua, na yule mama alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Aliyeshindwa kazi yake ni mimi.

Kwa nini kinaniuma? Kwa sababu kideri na homa kali ya ndege, kwa macho, havitofautiani. Kuku wanazubaa, wanavimba kichwa, wanapumua kwa shida, wanakufa kwa mkupuo. Hakuna daktari, hata awe na miaka 50 kazini, anayeweza kuvitofautisha kwa kutazama. Ni maabara peke yake. Sasa, nani hapa hajawahi kusema kideri? Na tukishasema kideri tunafanya nini? Tunakimbilia kuuza waliobaki kabla hawajafa! Wanaingizwa kwenye matenga, wanapandishwa juu ya basi, alfajiri wako sokoni, wanachinjwa na kijana asiye na glavu, manyoya yananyonyolewa na mama mwenye mtoto mgongoni. Kama ni kideri, hasara ni ya kuku. Kama si kideri?

Mwaka 1997 mjini Hong Kong homa ya ndege iitwayo H5N1 iliwapata watu 18, sita wakafa. Wengi walikuwa wamekwenda tu kwenye masoko ya kuku walio hai, masoko kama yetu. Mji ule uliua kuku wake wote, zaidi ya milioni moja, kwa siku chache. Kirusi hakikuisha duniani. Afrika kilionekana mara ya kwanza Nigeria, Februari 2006. Jamaa yake, H5N8, alifika Ziwa Victoria upande wa Uganda Januari 2017, akiua ndege wa porini na bata wa watu. Tangu 2003 watu zaidi ya 900 duniani wamethibitishwa kuambukizwa H5N1, na karibu nusu walifariki. Alhamdulillahi, mpaka sasa hakijapata njia nyepesi ya kutoka mtu hadi mtu. Lakini kinaendelea kujaribu. Machi 2024 kikakutwa Marekani ndani ya ng'ombe wa maziwa, mahali ambapo hakuna aliyekitarajia, na paka waliokunywa maziwa mabichi ya ng'ombe hao wakafa. Ng'ombe, jamani! Tulifundishwa chuoni kwamba ng'ombe si wa kuhangaikiwa kwa homa ya ndege. Kirusi hakikusoma kitabu chetu.

Nisikike vizuri. Sisemi msile kuku. Kuku aliyechinjwa akiwa mzima na akapikwa akaiva ni chakula salama. Mwaka ule wa 2006 uvumi ulipoenea, watu waliacha kula kuku nchini humu hata ugonjwa wenyewe haujaingia, na walioumia ni akina mama wenye kuku ishirini ishirini. Hofu ya namna ile nayo ni ugonjwa. Ninalosema ni moja: kuku waliokufa wengi kwa ghafla hawaliwi, hawauzwi, hawatupwi majini Tudor Creek. Na maziwa, mama zangu, yachemsheni. Ya ng'ombe, ya mbuzi, ya ngamia. Najua ya ngamia watu huyataka mabichi kwa utamu wake. Yachemsheni.

Nimetaja ngamia, naona vijana wa Bamburi wameketi wima.

Wanangu, wanyama wenu wana jambo. Mwaka 2012 huko Saudi Arabia kulitambuliwa kirusi kipya cha jamii ya korona, kiitwacho MERS. Kimewapata watu zaidi ya 2,600, na zaidi ya theluthi wamefariki. Kinatoka kwa ngamia. Na ngamia anayekibeba haonekani mgonjwa: ana makamasi kidogo, hasa ndama, basi. Watu walipokwenda kuchunguza damu ya ngamia wa Kenya iliyohifadhiwa tangu 1992, walikuta alama za kirusi hicho humo. Yaani ngamia wetu walikuwa nacho miaka 20 kabla dunia haijakipa jina. Na Kenya ina ngamia zaidi ya milioni 4 kwa hesabu ya 2019. Damu ya watu ilipopimwa katika kaunti za Garissa na Tana River, wawili walikutwa na alama zake. Hawakuwa na habari. Huenda kwao yalikuwa mafua tu.

Je, niwaambie muache kazi? La hasha. Aina iliyoko kwa ngamia wa Afrika, maabara zinaonyesha haizaliani vizuri katika mapafu ya mtu kama ile ya Arabuni. Hiyo ni rehema. Lakini kirusi hubadilika, na tazameni kazi yenu ilivyo: mgeni anatoka Ulaya au Asia, anampanda ngamia dakika 15, anamkumbatia shingo apigwe picha, uso kwa pua ya mnyama, kisha wiki hiyo hiyo yuko kwenye ndege. Mwaka 2015 msafiri mmoja, mmoja tu, alirudi Korea Kusini kutoka Mashariki ya Kati akiwa nacho. Alizunguka hospitali kadhaa kabla hakijatambuliwa. Watu 186 waliambukizwa, 38 wakafa. Basi ngamia mwenye makamasi asishuke ufuoni siku hizo. Mgeni anawe mikono akishuka. Na wewe mwenyewe ukishikwa na homa na kifua, mwambie daktari, "Mimi ni mtu wa ngamia." Maneno matano, naye atajua pa kuanzia.

Hili nalipita upesi, ila lisisahaulike: njia ni ya kwenda na kurudi. Sisi pia tunawaambukiza wao. Wakati wa korona, watu wa Denmark waliwaambukiza minki, wanyama wadogo wanaofugwa kwa ngozi zao. Kirusi kikabadilika ndani ya minki, kikawarudia watu. Novemba 2020 nchi ile ikaamuru minki wake wote wauawe, mamilioni kwa mamilioni. Kwa hiyo wewe unayekohoa, siku mbili tatu mpe mwingine kazi ya kulisha banda.

Sasa ombi langu. Nilisema lipo.

Sikuombeni muwe madaktari. Nawaomba muwe macho, kama wale wachungaji wa sotoka. Kilifi, saa moja na kidogo kutoka hapa, kuna watafiti ambao wamekuwa wakifuatilia virusi vya kikohozi na mafua kwa miaka mingi, na wakati wa korona walisoma maumbile ya kirusi kile mpaka wakaweza kusema kilikuja kwa njia gani. Ujuzi tunao. Nchi hii ina kitengo kinachowaketisha pamoja madaktari wa watu na madaktari wa wanyama, ndiyo Afya Moja mnayoisikia redioni. Kinachokosekana ni saa 24 za kwanza. Na saa hizo hazimo ofisini. Zimo bandani kwako, kichinjioni kwako, kwenye tenga lako. Wakifa kuku watano kwa siku mbili, piga simu kwa afisa wa mifugo wa wadi kabla hujapiga kwa mnunuzi. Aliyegusa wanyama wagonjwa akapata homa, aseme hospitalini kwamba amewagusa. Na wewe daktari uliyeketi kule nyuma, uulize! Mgonjwa akija na kifua, muulize anafuga nini.

Najua mnachofikiri. Nikipiga simu, watakuja waue kuku wangu wote, waende zao, nibaki na banda tupu na karo ya shule. Mna haki ya kufikiri hivyo, nami sitawadanganya. Mtu anayesema ukweli akarudi nyumbani maskini hatasema tena, na jirani yake aliyemwona hatasema kamwe. Nimeshawaandikia wakubwa, na leo nalisema hadharani: fidia ije siku ile ile kuku wanapouawa, si baada ya fomu kumi. Pesa hizo ni kidogo mno mbele ya gharama ya kuchelewa. Mei 2020 Mji wa Kale ulipofungwa tuliona wenyewe. Wapo waliokuwa wakikohoa ndani, taa zimezimwa, kwa kuogopa kupelekwa karantini na kwa kuogopa vidole vya watu. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alificha kikohozi siku sita. Tulipojua, tulikuwa tumechelewa.

Hakuwa mjinga. Aliogopa aibu. Kwa hiyo jirani akikwambia kuku wake wanakufa, usimtangaze mtaani. Mpe simu yako apige.

Muda nilioazimwa umekwisha, na adhuhuri inakaribia. Mama mwenye leso nyekundu, mkono wako umechoka, nisamehe. Kijana, mpelekee mama kipaza sauti. Simama mama, tuambie: wamekufa wangapi, na tangu lini?